Jiwe la Mpaka Kwenye Picha Yangu

Kuchora nilijifundisha mwenyewe. Hakuna chuo kilichonipa cheti, kwa hiyo hakuna chuo ninachokidai wala kinachonidai shukrani.

Picha ile ya Uluguru niliichora kwa rangi za mafuta mwaka juzi. Milima yote niliifubaza: kijivu cha ukungu, kijani kilichochoka. Shamba la dada yangu Asia peke yake ndilo nililoliacha liwake: udongo mwekundu, migomba, mdalasini unaochipua majani kama moto. Na chini ya shamba nikaweka nukta nyeupe, jiwe la mpaka wa hifadhi ya msitu.

Nilichora nilichokiona. Hapo ndipo nilipokosea. Mwaka tisini na sita jiwe lile lilikuwa upande wa juu wa shamba, kwenye mwamba wa maji. Nililipandisha mimi, begani, kibarua wa siku moja. Masika ya elfu mbili na tisa, kijiji kizima tukiwa msibani, watu wa mradi wa hifadhi wakalishusha. Nimelisema hilo kila mkutano tangu siku ile, wakaniita mchochezi.

Picha ikatundikwa ofisi ya kijiji. Severin, ofisa mpya wa mradi, akaiona, akaipiga picha kwa simu, akaitisha mkutano. "Mchoraji wenu mwenyewe kaonyesha," alisema. "Shamba liko ndani ya hifadhi."

Kwetu Waluguru ardhi hupita kwa mama. Shamba ni la Asia na binti zake, lakini wa kulisemea mbele za watu ni mimi, mjomba wao. Siku mbili kabla ya mkutano nikaiomba picha ofisini, eti niifute vumbi. Nyumbani nikalifunika jiwe kwa udongo mwekundu, nikalichora upya juu, kwenye mwamba wake.

Asia akanikuta na brashi mkononi.

"Kaka, unafanya nini?"

"Nalirudisha lilikotoka."

"Si ungeniuliza kwanza?"

"Nikuulize nini, nami nililibeba?"

Siku ya mkutano Severin aliangalia simu, akaangalia picha.

"Shikamoo, mzee Stambuli."

"Marahaba."

"Naona jiwe limepanda mlima."

"Liliposhuka hamkuliuliza," akadakia mzee Halidi kutoka nyuma, "leo limepanda mnalihoji!"

Watu wakaangua kicheko, na kicheko kilikuwa cha kwetu. Severin hakucheka. Alinyoosha kidole gumba, akaligusa jiwe, kisha akakigeuzia watu. Cheupe.

"Picha ya mwaka juzi," alisema. "Rangi mbichi."

Rangi ya mafuta haikauki kwa siku mbili. Pale kijijini hakuna anayelijua hilo kuliko mimi, na hasira ilinisahaulisha. Nikapaza sauti. Nikataja mwaka tisini na sita, nikataja ule msiba, nikataja vibarua wenzangu mmoja mmoja, marehemu wote. Kila neno lilikuwa kweli. Halidi mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa.

Mwenyekiti akasogeza karatasi: ukoo unakubali mpaka ulipo sasa, Asia atavuna msimu huu, kisha ataondoka. Palibaki pengo la sahihi ya mjomba.

"Nikikataa?"

"Tutaandika kwamba umechezea ushahidi," Severin akajibu, taratibu kabisa, huku akipangusa kidole kwa kitambaa. "Na shamba linafungwa leo."

Nikamtazama Asia. Alikuwa amesimama, kitenge amekikaza kiunoni kama mtu aliyechelewa kazini.

"Tia, kaka. Tangawizi haijakomaa."

"Nikitia, Asia, nimesema jiwe lilikuwa pale siku zote."

"Ulishalisema mwaka juzi, kwa mkono wako, ukawapa walitundike ukutani. Mimi niache nivune."

Nikatia sahihi. Severin akaitazama, akasema haisomeki. Nikaandika tena chini yake jina langu lote, kwa herufi kubwa.