Hamsini za Babu Gia

Mwalimu wa udereva alikuwa na mdomo mtamu. Aliwaambia wanafunzi wake kwamba mwenye leseni ya lori halali njaa: akianza tu, laki sita kwa mwezi, posho mbali. Mmoja wao, fundi wa kushona na mama wa watoto wawili, aliyameza maneno hayo mazima mazima. Mumewe, mwashi, alikuwa ameanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, na mgongo haukumruhusu tena kuinua hata ndoo. Basi cherehani kikauzwa, ada ikalipwa, na baada ya miezi minne mama huyo akatoka na leseni mpya.

Kampuni tano zilimkataa. Ya sita ilisafirisha saruji. Meneja wake, mwanamke mwenye miwani ya kusomea, alimtazama juu chini.

"Nitakuchukua, lakini tuelewane mapema tusije tukagombana. Leseni mpya hatuilipi kwa mwezi. Unalipwa kwa safari, elfu sabini, miezi sita. Turubai likichanika, unakatwa. Mfuko ukipasuka, unakatwa."

"Na ile laki sita?"

Meneja akacheka hadi akavua miwani. "Nani kakupa hiyo? Mwalimu wako? Mbona yeye haendeshi lori?"

Mama akajipa moyo. Safari nane kwa mwezi si haba, na mwanzo wa ngoma ni lele. Kumbe hakuijua foleni ya kiwandani. Malori yalipangana siku mbili, siku tatu, yakisubiri kupakiwa, na siku hizo hakuna aliyezilipia. Mwezi wa kwanza akaambulia safari nne. Wakakata turubai, wakakata mifuko kumi na mmoja, zikabaki laki moja na tisini. Kushona sare za shule kulikuwa kunamlipa zaidi ya hapo, tena akiwa amekaa barazani kwake.

"Mwezi wa kwanza hawatoi zote," alimdanganya mumewe kwenye simu.

Madereva walimwita Fundi. Aliyemshika mkono ni mzee waliyemwita Babu Gia, mtu wa miaka ishirini na miwili kwenye usukani. Ndiye aliyemfundisha kufunga turubai lisichanike, akamwonyesha choo kipi cha njiani kina komeo, na dereva yupi wa kumkalia mbali. Alimwita "binti yangu," na neno lilimtoka moyoni.

Alasiri moja wakiwa wanafuatana, Babu Gia aliegesha lori nyuma ya kibanda cha kuziba pancha. Fundi alipomfuata, alikuta mpira umetumbukizwa kwenye tangi na madumu mawili yakijaa dizeli.

"Usinitazame hivyo, binti yangu. Mbuzi hula urefu wa kamba yake."

"Sijasema kitu, babu."

"Na usiseme."

Wiki mbili baadaye meneja akamwita ofisini, akamsogezea karatasi.

"Lori la Babu Gia linakunywa mafuta kama limerogwa. Mlikuwa mnafuatana. Andika ulichoona, utie sahihi. Mwezi ujao nakuingiza kwenye mshahara, laki tatu na nusu, usafiri usisafiri."

Fundi akaomba muda hadi baada ya chakula cha mchana. Alimkuta mzee kivulini mwa lori lake, ana kikombe cha chai.

"Babu, wewe wanakulipa ngapi?"

"Laki nne."

"Miaka yote hiyo?"

"Wanaoingia kwenye mshahara wanaanzia tatu na nusu." Mzee akapuliza chai yake. "Hiyo elfu hamsini ya juu ndiyo miaka yangu ishirini na miwili."

Fundi alikuwa akijiambia kwamba tabu ni ya mwanzo tu.

"Wamekuita?" mzee akauliza.

"Wameniita."

Babu Gia akamwaga chai iliyobaki. "Una watoto," akasema, akaondoka. Kama alimruhusu au alimlaumu, Fundi hakujua.

Akatia sahihi. Aliandika mpira, madumu mawili, saa tisa alasiri. Hakutia chumvi hata chembe. Kesho yake mzee akafukuzwa, bila kiinua mgongo, akiwa amebakiza mwaka mmoja na nusu astaafu.

Tangu hapo Fundi akisogea penye madereva, maongezi yanazimika. Siku tairi lilipompasukia porini, malori matano ya kampuni yake yalipita, hata honi hawakumpigia.

Mwisho wa mwezi uliofuata alipeleka nyumbani laki tatu na nusu. Mumewe akampigia dada yake simu papo hapo: "Wifi yako sasa yuko kwenye mshahara!" Watoto walipotoka nje, Fundi akamweleza yote.

"Ulisema uongo?" mume akauliza.

"Hapana."

"Sasa kinachokusumbua nini?"

"Ni mzee wa watu, baba."

Mume akajisugua kiuno. "Mimi nilipoanguka, wenzangu wote walisema hawakuona kwamba ubao ulikuwa umeoza. Nao walikuwa na watoto." Fundi hakujua maneno hayo yameangukia upande gani.

Jumatatu asubuhi akatia elfu hamsini kwenye bahasha, akauliza njia hadi akafika kwa Babu Gia. Mlango ulifunguliwa na mkewe, mikono imejaa povu la sabuni.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kumsalimu babu."

"Marahaba. Amelala."

Ndani mtu akakohoa, kiti kikasogezwa. Wanawake wote wawili wakasikia, hakuna aliyetazama huko. Fundi akanyoosha bahasha. Yule mama akaitazama, akajifuta mikono kwenye kanga taratibu, wala hakuipokea.

"Mwambie Fundi alikuja."

"Anajua," mama akasema, akarudishia mlango bila kuubamiza.

Fundi akaikunja bahasha, akaitia mfukoni, akashika njia ya kiwandani, maana saa sita ilikuwa zamu yake ya kupakia.