Kranberi Hupikwa kwa Sikio

Dada yangu Idalina alinuna tangu asubuhi kwa sababu mkwewe alikuja na kopo.

Si kopo la ajabu. Ni lile la dukani lenye jeli ya kranberi, vile vitunda vyekundu vichachu; ukilifungua jeli inateleza na kutoka nzima, ina mikunjo ya kopo ubavuni. Nusu ya Marekani wanaila Siku ya Shukrani, ile Alhamisi ya bata mzinga, na hakuna aliyekufa. Lakini sisi tumezaliwa kando ya vinamasi vya Wareham. Baba yetu alitoka visiwa vya Cabo Verde akaja kuchuma kranberi hapa kwa magoti, na mpaka leo Idalina akifungua dirisha la jikoni anakiona kinamasi chote mpaka kule kwenye misonobari. Kumletea kopo mtu kama huyo ni kama kumpelekea mvuvi samaki wa kopo.

"Nimekuja nalo tu mama, lolote likitokea," Yolanda alisema, akaliweka mezani.

"Likitokea lipi?" Idalina akauliza, macho kwenye kopo.

Yolanda akamtazama mumewe. Mumewe ni Miro, mtoto wa pekee wa dada yangu, fundi wa lifti huko Brockton. Miro akatazama dari. Sote tulijua likitokea lipi. Mwaka uliopita sosi ya Idalina iliungua, ikashika chini ya sufuria, na watu wa ukoo mzima walikula bata mzinga mkavu huku wakisema asante ni tamu.

Sasa, kwetu sosi ya kranberi haipikwi kwa saa. Mama yetu alikuwa akisema saa haijui kranberi. Unachemsha maji na sukari na ganda la chungwa, unamwaga matunda, unafunika na mfuniko mzito, na kufungua ni mwiko kabisa, maana mvuke ukitoka sosi haishikani tena. Unasimama unasikiliza. Tunda likishika moto linapasuka, pa! Halafu yanapasuka mengi kwa pamoja kama bisi. Halafu yanapungua. Pale yanapoanza kuachiana nafasi ndipo unapozima moto. Ukiwahi, unapata maji mekundu. Ukichelewa, unapata gundi chungu.

Na Idalina alikuwa na sikio, jamani. Ujanani tulifanya kazi pamoja kwenye nyumba ya kuchambulia. Matunda yanamwagwa kwenye mashine ya mbao, tunda zima linadunda na kuruka ubao, bovu linakaa chini, halina nguvu ya kudunda. Sisi wengine tulichambua kwa macho. Idalina alisimama tu kwenye mashine, akasikiliza mdundo, akasema, "Gunia hili lina ugonjwa," na ukilifungua kweli lina ugonjwa. Wakamwita Sikio. Hata padri alimwita Sikio.

Mashine zile zile ndizo zilizomla masikio. Zilikuwa zinapiga kelele kutwa nzima na hakuna aliyetupa hata pamba.

Mimi niligundua majira ya kuchipua ya mwaka huu. Nyumba yangu iko ng'ambo ya barabara, kila siku naenda kwake kunywa kahawa. Siku hiyo nilimkuta amenipa mgongo, nikamwita, kimya. Nikamwita tena, kimya. Nikachukua mfuniko wa sufuria nikaudondosha sakafuni makusudi. Paka wangu aliyekuwa amenifuata alikimbia mpaka barabarani. Idalina aliendelea kumenya viazi.

Nilimzunguka nikasimama mbele yake. "Dada, umekuwa kiziwi."

"Punguza sauti," akasema, wakati mimi nilikuwa nanong'ona.

Nikamwambia twende kwa daktari, siku hizi kuna vidude vya masikioni havionekani hata. Akakataa katakata. Eti Sikio awe kiziwi? Wareham nzima watamcheka mpaka kaburini. Sikio la kufa halisikii dawa, na hili halikusikia hata mfuniko. Akaniapisha kwa kaburi la mama.

"Ukimwambia mtu, Zulmira, sitaongea na wewe mpaka nife."

"Na mimi nikiongea na wewe utajuaje?"

Hakucheka. Nikaapa. Nilikuwa mjinga, lakini niliapa.

Sasa tatizo likawa Miro. Anampigia mama yake simu kumuuliza habari za mguu, mama anamjibu habari za mvua. Anakuja kumtembelea, birika linapiga mluzi jikoni, mama amekaa anafuma sweta kama hakuna kitu. Ukijumlisha na sosi iliyoungua, unafikiria nini? Alifikiria anachofikiria kila mtu. Mwezi wa kumi alinipigia simu mimi.

"Mama mdogo, akili ya mama inaruka."

"Akili yake iko sawa kuliko yako."

"Namwangalia Siku ya Shukrani. Ikiwa kama mwaka jana, Krismasi haimkuti pale. Namleta Brockton, nyumba tunauza."

Nilikata simu nikakaa kwenye ngazi. Wamchukue Idalina? Mimi nibaki na nani, na paka? Mume wangu ameshazikwa, wanangu wako California, wanatuma kadi. Kila asubuhi nikiinua pazia la dirishani naangalia kwanza moshi wa dohani ya dada yangu, ndipo nawasha moto wangu. Nililia kidogo, nasema ukweli, halafu nikavuka barabara nikamwambia mpango.

Mpango ulikuwa rahisi. Siku yenyewe, yeye atapika kama kawaida mbele ya watu. Mimi nitasimama kando ya friji nakata mkate. Matunda yakianza kuachiana nafasi, nitamvuta aproni kwa nyuma. Atazima. Basi.

"Mimi ndiye nilikufundisha kupika sosi," alisema kwa hasira.

"Na mimi ndiye nitakuvuta aproni. Unataka kwenda Brockton?"

Akaifunga aproni kiunoni, akanigeuzia mgongo nijaribu kuivuta.

Basi siku ikafika. Bata mzinga alikuwa ndani ya oveni tangu alfajiri, na juu ya jiko kulikuwa na wali wetu wa maharage na soseji, maana Shukrani bila wali wa maharage kwetu ni Jumatano tu. Mkate wangu wa kranberi na chungwa ulikuwa umetoka, umepasuka juu vizuri. Yolanda alikuwa sebuleni anapanga sahani. Idalina akamwaga kranberi kwenye maji ya sukari, akafunika. Mimi nikashika kisu, nikasogea kwenye friji.

Miro akaingia. "Mama mdogo, njoo nje kidogo tuongee."

"Sasa hivi? Nakata mkate."

"Dakika moja tu."

"Mkate utakauka."

"Mkate wa leo hii ukauke kwa dakika moja?" Akanishika kiwiko. Mtoto ana mikono ya kuvuta lifti, ningefanya nini? Nilimtazama Idalina, Idalina akanitazama, na nikaona ameogopa. Mlango wa baraza ukafungwa nyuma yangu.

Huko nje kulikuwa na baridi ya kung'ata. Miro alikaa anasugua mikono, haanzi. Mimi nikawa nahesabu kichwani: sasa yameanza kupasuka, sasa yamechanganya.

"Nimepaka chumba rangi," akasema mwishowe. "Ile njano anayoipenda."

"Vizuri. Turudi ndani."

"Mama mdogo, nisikilize! Unadhani nafurahi? Nalala nawaza atawasha jiko asahau, nyumba imchome humo humo ndani. Nikisikia simu inalia moyo unasimama." Sauti ikakatika. Lijitu lizima lile, ndevu zimeanza mvi, linalia kwenye baraza ya mama yake.

Nilimwelewa, na nilitaka kumzaba kofi. Vyote viwili.

"Twende ndani, baba," nikamwambia. "Twende ndani kabla sosi haijaungua."

"Umeona? Hata wewe unajua itaungua!"

Niliingia mbio na magoti yangu haya, yeye nyuma yangu.

Idalina alikuwa peke yake jikoni. Alikuwa ameinama juu ya jiko. Kichwa cha mwiko wa mbao alikuwa amekikandamiza juu ya mfuniko, na mwisho wa mpini ameuegemeza kwenye taya, chini kidogo ya sikio. Macho ameyafumba. Midomo inacheza cheza kama mtu anayesali.

Miro alisimama mlangoni. "Yesu na Maria," akasema polepole. "Umeona sasa, mama mdogo? Mama yangu anaongea na sufuria."

Yolanda naye akatokea, mkono mdomoni.

Mimi nilikuwa nimeshaelewa. Loo, huyu mwanamke! Nilipotolewa nje aliachwa bila aproni ya kuvutwa, akatafuta njia nyingine. Kila tunda likipasuka linagonga sufuria, sufuria inagonga mfuniko, mfuniko unagonga mwiko, mwiko unamgonga mfupa. Alikuwa anayasikia kwa taya. Na Miro tayari alikuwa anatoa simu mfukoni, kumpigia daktari au kasisi, sijui.

Nikasema liwalo na liwe.

"Ni kiziwi, we bwege!" nilimfokea. "Hana kichaa, ni kiziwi! Hasikii simu, hasikii birika, hasikii hata wewe unavyobweka hapo! Anaisikiliza sosi kwa mfupa. Funga mdomo umwache amalize!"

Jikoni kukawa kimya kabisa, sufuria tu ndiyo inasema. Pa-pa. Pa. Halafu kimya kidogo. Pa. Halafu kimya kirefu. Na mkono wa Idalina, bila kufumbua macho, ukaenda kwenye kitufe ukazima moto.

Akachukua kisahani alichokuwa amekiweka dirishani kipoe, akafungua sufuria, akadondoshea tone moja, akakiinamisha. Tone halikukimbia. Lilikaa pale pale, jekundu, linang'aa. Ndipo alipogeuka akatuona sote watatu, tumesimama kama foleni ya posta. Akatazama uso wa mwanawe, akatazama wangu.

"Umemwambia," akaniambia.

"Dada, ningefanyaje?"

"Kikulacho ki nguoni mwako." Akanipa mgongo.

Miro akamwendea, akamshika mabega, akamgeuza polepole. "Tangu lini, mama?"

"Tangu mashine. Kidogo kidogo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenipeleka Brockton."

"Nilikuwa nakupeleka Brockton kwa sababu hukuniambia!"

Idalina alifikiri kidogo. "Basi sote wajinga," akasema. "Lete bakuli."

Lakini kuhusu chumba cha njano Miro hakusema neno. Alibeba bakuli, akabeba bata, akakaa. Mimi nilikaa na roho juu juu. Na Idalina alishika kiapo chake. Hakuongea na mimi.

"Yolanda," akasema, "mwambie mama mdogo wako anipe chumvi."

"Mama mdogo, mama anaomba chumvi," akasema Yolanda, amekaa katikati yetu, masikini.

"Mwambie inakuja."

"Inakuja, mama."

"Na lile kopo lako, Yolanda, ukiondoka ulifungue umpe paka wa Zulmira. Anakula takataka yoyote."

Yolanda akacheka mpaka akakohoa. Nadhani alikuwa anangoja mwaka mzima apate ruhusa ya kucheka katika nyumba ile.

Kabla ya kula, kwetu kila mtu anasema anachoshukuru. Yolanda alishukuru afya. Mimi nilishukuru mkate umeumuka, sikuwa na jingine la kusema mbele ya watu. Idalina alishukuru wafu wetu, akawataja wote. Ikafika zamu ya Miro. Alikuwa tayari ameonja sosi, nilimwona, kijiko kidogo cha wizi. Aliinamisha uso kwenye sahani, akaongea chini chini kama mtoto anayeungama.

"Nashukuru kwamba mama atabaki kwake," akasema. "Krismasi tutakuja sisi huku. Na Jumatatu nampeleka kwa daktari wa masikio, akitaka asitake."

Yolanda akamshika mkono. Mimi nikajibana mdomo kwa kitambaa cha meza.

Idalina alikuwa anatutazama mmoja mmoja. Miro alikuwa ameinama, kwa hiyo dada yangu, ambaye siku hizi huyasoma maneno midomoni mwa watu, hakuiona midomo yake. Aliona tu Yolanda anajifuta macho na mimi nimejibana mdomo kwa kitambaa, na nikaona hofu ile ya jikoni inamrudia usoni. Alishika ukingo wa meza.

"Zulmira," akasema. "Amesemaje?"

Hakumwambia Yolanda aniulize. Aliniuliza mimi.

Nikainuka, nikamzunguka Yolanda, nikainamia sikio lake, lile la kulia lenye afadhali, nikapaza sauti yote niliyopewa na Mungu.

"AMESEMA UNABAKI!"

Vikombe vililia kabatini. Idalina alifumba macho, akayafumbua, machozi yakamshuka wala hakuyafuta. Akashika mkono wangu begani mwake akaubana sana.

"Sasa kelele za nini?" akasema. "Watu watadhani mimi kiziwi."

Akamsogezea mwanawe bakuli la sosi.