Thamani ya Watu Waliochoka

Ofisini walimwita Mizani, kwa sababu kazi yake ilikuwa kupima kampuni: inafaa kununuliwa au haifai, na kwa bei gani. Alikuwa ameajiriwa na mfuko wa pensheni ya wauguzi. Dada yake mkubwa, aliyekaa naye nyumba moja, alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto na mwanachama wa mfuko huohuo.

Wiki ile aliwekewa mezani kampuni mbili. Moja ilionyesha filamu mtandaoni kwa malipo ya kila mwezi, nyingine ilitengeneza michezo ya simu. Mfuko ungenunua hisa za moja tu.

Kampuni ya filamu ilimpokea kwenye ukumbi wa vioo. Alipopekua takwimu, akakuta theluthi ya wateja hawajamaliza filamu hata moja kwa miezi mitatu.

"Hawa mnawahesabu vipi?"

Meneja wa mauzo alicheka. "Hao ndio dhahabu yetu. Wanalipa na hawasumbui."

Mizani hakucheka. Dada yake alikuwa mmoja wao. Kila akitoka zamu alivua viatu, akafungua filamu, na kabla majina ya waigizaji hayajaisha alikuwa anakoroma. Siku watu hawa wakizinduka, aliwaza Mizani, hapa patabaki vioo vitupu.

Kampuni ya michezo ilikuwa na vyumba viwili juu ya duka la matairi, watu tisa na feni moja iliyolalamika kutwa. Wachezaji wao walirudi kila siku kwa hiari yao. Karibu mapato yote yalitokana na mchezo mmoja, wa wanyama wanaogombania foleni hospitalini, na aliyeubuni alikuwa mchoraji mkuu, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Chini ya meza yake palikuwa na godoro. Mizani akaandika kwenye daftari: bidii.

Jioni, wakikunja nguo, alimsimulia dada yake. "Nawapa hawa wa michezo. Wanajituma mpaka wanalala kazini. Mchoraji wao ana godoro chini ya meza."

Dada aliacha shuka katikati. "Mdogo wangu, kwetu muuguzi akianza kulala wodini hatusemi ana bidii. Tunajua kesho kutwa haji."

Mizani alinuna. Ripoti ilikuwa imebaki kutiwa sahihi tu, na yeye mwenyewe alikuwa hoi. Hata hivyo, asubuhi alirudi, akamkuta mchoraji peke yake.

"Mama, samahani. Kuna swali nilipaswa kukuuliza jana. Umechoka?"

Mama yule alivua miwani.

"Mwezi ujao naacha," alisema. "Mkono huu haukunjiki tena. Tajiri wangu sijamwambia. Ananitegemea, naona aibu."

"Mwambie kabla sijaandika. Nitasubiri mpaka Ijumaa."

"Ukiandika, hawa wenzangu watakosa kazi."

"Najua," alisema Mizani.

Alhamisi mwenye kampuni ya michezo, akiwa ameshaambiwa na mchoraji, alimpigia simu Mizani. Alifoka, kisha akauliza kama kuna bei yoyote iliyobaki. Alikuwa amempa mchoraji likizo ya miezi mitatu yenye malipo, na alikuwa akitafuta wachoraji wengine wawili.

Mizani alishusha thamani ya kampuni hiyo karibu nusu, akaeleza sababu zote. Mkuu wake aliisoma ripoti akisugua paji la uso.

"Yaani huku wamelala wateja, kule wamelala wafanyakazi?"

"Ndivyo, mkuu."

"Na bado unataka tununue hiyo ya pili."

"Kidogo tu. Hawa angalau wameanza kupumzishwa."

Mkuu aliguna, lakini kamati ikanunua sehemu ndogo.

Likizo ilipoisha, mchoraji hakurudi. Mkono ulikuwa umegoma kabisa. Wachoraji wapya walishika kazi, wachezaji wakapungua kidogo, kisha wakatulia. Hakuna aliyempongeza Mizani, wala hakuna aliyemlaumu.

Jumamosi moja alikwenda kumtembelea yule mama nyumbani kwake. Alimkuta kibarazani, mkono umefungwa bandeji mpaka kiwikoni. Habari za kampuni hazikuguswa. Mama alimwomba amfungulie chupa ya maji. Mizani akaifungua, akavuta kiti, na wote wawili wakakaa bila haraka yoyote.