Daftari la Amri za Simu

Bingwa wetu mkuu wa figo tulimwita Chujio, kwa sababu kila mwaka alimchuja mwanafunzi mmoja akamtupa nje ya mafunzo ya ubingwa. Mwaka ule aliniandama mimi. Niseme mapema: nilimchukia, tena chuki ya kulala nayo na kuamka nayo.

Kisa kilianzia kwenye mizani. Mgonjwa wangu, fundi saa mmoja mcheshi, alikuja kusafishwa damu akiwa amezidi uzito wake wa kawaida kwa kilo nne. Kwa kawaida kilo zinazozidi ni maji, na mashine huyatoa. Lakini nilipomkagua, miguu haikuwa na uvimbe, mapafu yalikuwa safi, mashavu yamejaa. Mtu alikuwa amenenepa, basi. Nikampigia Chujio kwa simu ya wodi.

"Profesa, huyu amenenepa. Nadhani tutoe lita moja tu."

"Nani kakuuliza unadhani nini? Toa nne!"

Nikatoa nne. Hilo ni kosa langu na silikwepi. Saa ya tatu ya kusafishwa, presha iliporomoka, moyo ukasimama, tukamkandamiza kifua hadi mikono ikafa ganzi. Hakurudi.

Chujio alikuwa na utaratibu wake: amri yake, sahihi ya mwanafunzi. Alidai ndivyo tunavyokomaa. Kwa hiyo fomu ya mashine ilikuwa na sahihi yangu peke yake, na kwenye kikao cha kujadili vifo aliiinua kwa vidole viwili kama soksi chafu. "Daktari huyu ana haraka ya kukausha watu," akasema. Wenzangu wakacheka, wengine kwa woga tu. Nikaambiwa nirudie mwaka.

Wiki moja baada ya mazishi, muuguzi mkuu tuliyemwita Mama Mizani alinivuta hadi kwenye stoo ya mashuka. Mkononi alikuwa na daftari lake la amri za simu. Siku ile ya simu alikuwa amesimama ubavuni mwangu, na Chujio anavyobweka hahitaji spika. Mama Mizani aliandika kila neno pamoja na saa, na muuguzi mwenzake akatia sahihi ya ushahidi.

"Mwanangu, lipeleke kwa mkurugenzi leo hii."

"Watalizima kimyakimya, mama. Acha kwanza nilikalie."

Nikalikalia miezi kumi na mmoja. Nilikuwa nasubiri siku ya wakaguzi wa mafunzo kutoka nje, siku ambayo Chujio aliipenda kuliko harusi yake. Wakati huo wote niliitikia "ndiyo, Profesa" kwa sauti ya asali, nikambebea mafaili, nikacheka vichekesho vyake vibovu. Kila aliponisonta kidole nilijisemea moyoni, sonta tu, baba, siku zako zinakuja. Nakiri nilikuwa na raha.

Siku ikafika. Ukumbi ulifurika, wakaguzi watano mbele, Chujio na tai mpya. Mke wa fundi saa, ambaye ni fundi cherehani, nilimwalika mwenyewe nikamketisha nyuma. Nilitaka ajue nani alimfanya mjane. Zamu yangu ya kueleza mgonjwa ilipofika, nikaeleza kisa cha mume wake. Nikasoma daftari neno kwa neno, mpaka lile "nani kakuuliza". Mama Mizani akasimama bila kuitwa.

"Mwandiko ni wangu," akasema.

Mkaguzi mkuu akamwomba Chujio atoke nje. Alipopita karibu yangu jasho likimchuruzika, nilimkazia macho mpaka akatazama sakafu. Ningeweza kupiga vigelegele palepale.

Nikamfuata mjane kwenye korido, nikitarajia kukumbatiwa. Alikuwa ameketi kwenye benchi, mkoba magotini.

"Sasa ukweli umeujua, dada," nikamwambia.

"Yule mzee aliyetolewa nje aliniambia mume wangu alibugia maji nyumbani, kwamba sikumchunga." Akaniangalia. "Kumbe alinenepa?"

"Alinenepa. Ulikuwa unamlisha vizuri."

Akalitazama daftari mkononi mwangu.

"Hilo daftari ulilipata lini?"

Nilifikiria kudanganya. "Wiki moja baada ya mazishi."

"Mama mkwe hajanisemesha tangu siku ile," akasema polepole. "Mwanangu mdogo huniuliza kwa nini nilimwacha baba anywe maji. Na mimi nimekuwa nikimwomba radhi, mtoto wa miaka sita. Miezi yote hiyo ulikuwa unangoja nini, dokta?"

Ukumbini walikuwa wanapiga makofi, mtu akiniita nirudi ndani. Nilikuwa nangoja ukumbi ujae. Nikamwambia hivyohivyo, kwa kuwa nilimpa ukweli kwa kuchelewa na sikuwa na kingine cha kumpa. Akainuka, akatundika mkoba begani, akaondoka bila kuniaga.