Kisima Chenye Kufuli

Maji ya kisima cha Kaswera yalibadilika baada ya Pasaka. Yalitoka meupe kama maji ya kuoshea mchele, yakanuka uchachu, na chai yake hata mwenye njaa aliisusa. Kaswera hakuhangaika kutafuta sababu. Alikuwa nayo tayari. Ng'ambo ya ua aliishi Régine, mama yake Constant, mwanamke aliyehamia kutoka mji wa Kpandroma. Alichota hapo tangu kisima kichimbwe, na ndoo yake ndiyo hiyohiyo aliyolowekea muhogo. Nani mwingine?

Mtaani Lumumba ungeweza kumnyima jirani chumvi, ukamnyima hata salamu, lakini maji! Kwa hiyo Kaswera alipofunika kisima kwa mbao na kutia kufuli, watu walipita wakijifanya hawaoni. Régine aliliona. Alijitwika bidoni yake, dumu la maji, akateremka mtoni, yeye aliyemzalisha Kaswera mtoto wa mwisho kwa mikono yake miwili.

Juma likapita. Kaswera akafungua, akavuta ndoo. Maji yaleyale, tena machachu zaidi. Na ufunguo ulikuwa mmoja tu, haujatoka kiunoni mwake. Aliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

"Pengine ni shimo yetu ya ndizi," mume wake Mumbere akasema. Alikuwa akizika ndizi nyuma ya nyumba ziive, apate kutengeneza kasiksi, ile pombe yao, na mvua ilikuwa imejaza shimo. "Ao ile siku udongo ilitikisika, maji ikapata njia ingine. Ya chini nani anajua?"

"Lakini hapana Régine."

"Hapana Régine. Mi nilikuambia nini?"

Hakuwa amemwambia lolote, lakini Kaswera hakuwa na nguvu za kugombana. Alivuka ua. Régine alikuwa akimenya muhogo. Akasimama, akampa kiti chake.

"Mama Constant, unisamehe. Nilikukosea bure. Kisima iko wazi, ukuje kuchota."

"Nimekusamehe, dada. Ile haina maneno." Régine akarudi kwenye muhogo wake. "Lakini maji itasafika, alafu siku ingine itageuka tena. Ile siku utawaza shimo, ao utaniwaza miye?"

Kaswera alifungua mdomo ili aape. Akakumbuka jinsi alivyokuwa na hakika siku ile alipotia kufuli, akaufunga mdomo.