Binamu wa Randburg

Fundo la nywele lilitoka kwenye tundu la bafu taratibu, refu, lenye utelezi, kama panya aliyeoza. Jeannine akageuza uso asitapike. Nywele zilikuwa za Mwende, mwenye nyumba. Uvundo ulikuwa wa Jeannine peke yake.

Sebuleni, Mwende alikuwa akijizoeza mhadhara. Alifundisha historia chuo kikuu, na kesho angezungumzia kodi ya watumishi wa nyumbani katika miji ya Uskochi, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita.

"Jeannine, njoo usikie maajabu! Tajiri akiweka kijakazi, anatozwa kodi. Jina la tajiri linaandikwa, na la kijakazi pia."

"Bote banaandikwa, Maman?" Miaka minne ya kazi hapa Randburg haikuwa imemtoa Kiswahili cha Lubumbashi mdomoni.

"Wote! Ila nawajua matajiri. Sikosi kumpata mmoja aliyesema, 'Huyu si mtumishi, ni mpwa wangu.'" Mwende akacheka hadi akashika mbavu. "Unafiki gani huo!"

Jeannine alikuwa amefika mlangoni, glavu bado mikononi. "Na barua yangu ya kazi, Maman? Mwenye chumba kule Turffontein anangoja mpaka kesho tu."

Binti yake, Murielle, alikuwa akilala mwaka wa pili sasa kwenye sakafu ya watu. Chumba kile kingewaweka pamoja. Bila barua ya kuthibitisha kwamba ana kazi, chumba angepewa mtu mwingine.

"Barua, barua! Kwani wewe si mtu wa nyumbani, dada?"

Kengele ya geti ikalia. Mwende akachungulia dirishani, akarudi mbio: mkaguzi wa idara ya kazi, anapita nyumba kwa nyumba akiuliza kama wafanyakazi wamesajiliwa. Akamvua Jeannine aproni kwa mikono yake mwenyewe na kuisukumiza nyuma ya kochi.

"Wewe ni binamu yangu. Umekuja kutembea. Barua nakuandikia leo leo, haki ya Mungu."

Mkaguzi, mama wa makamo mwenye viatu vilivyojaa vumbi, aliingia na faili lake.

"Na huyu?" akauliza kwa Kiingereza.

"Binamu yangu." Mwende akamwekea Jeannine mkono begani, mkono laini unaonukia marashi. Kichefuchefu cha bafuni kikarudi, ila safari hii hapakuwa na pa kugeuzia uso.

Mkaguzi alitazama glavu za mpira, ambazo hakuna aliyekumbuka kuzivua. Zilikuwa zikidondosha maji meusi juu ya zulia.

"Eish. Binamu anazibua mabomba?"

"Kwetu ndugu husaidiana," Mwende akasema, bila hata kupepesa.

"Analala wapi?"

"Chumba cha wageni, juu."

"Nimemuuliza yeye."

Vidole vya Mwende vikambana bega. Mawazoni Jeannine akamwona Murielle na godoro lake lililokunjwa. Akaiona ile barua, imepigwa mhuri, imetiwa saini na binamu.

Akajichopoa. Akapita jikoni, akapita mapipa ya taka, mkaguzi akimfuata, na nyuma yao sauti ya Mwende ikiita, "Dada! Dada yangu!" Kando ya banda la gari akausukuma kwa bega mlango wa bati, akasimama pembeni.

"Inama, mama," akasema. "Ni mfupi."