Mapigo ya Gamra

...kokoto, alisema ni kokoto tu, mshike Gamra kidogo, Lakhdar, kokoto imeingia kwenye kiatu changu, na hilo ndilo lilikuwa jambo la mwisho la kawaida, mke wake Zulikha kumpa kamba ya farasi na kwenda kukaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, hapa hapa, mwaka jana, kwenye kituo hiki hiki cha ukaguzi, chini ya turubai kama hili, na sasa kamba ile ile iko mkononi mwake na Kada, kaka wa marehemu, anamwagia farasi maji shingoni, anayakwangua kwa kiganja, anamwaga mengine, na anasema kitu, amekuwa akisema kitu tangu Gamra aingie, lakini Lakhdar amepiga magoti na kuupeleka mkono nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele wa kushoto, pale ngozi inapokuwa laini kama ya mtoto, na moyo unagonga haraka, haraka mno kwa farasi aliyesimama muda wote huu, na daktari wa mifugo hatampitisha mpaka ushuke, sitini na nne kwa dakika, ndiyo sheria, muda ukiisha kabla haujashuka farasi anatolewa, awe bingwa asiwe bingwa, hata kama hizi ndizo mbio zake za mwisho... “Shemeji,” anasema Kada, na safari hii maneno yanamfikia, “unamshika kama umemkamata mwizi,” na Lakhdar anailegeza kamba, anaona vidole vyake vikilegea, na mara anaona vimekaza tena bila kumwuliza. Zulikha hakukaza hata siku moja, alisimama mbele ya farasi kama mtu aliyepanga foleni ya mkate, hana haraka wala hana jambo, na Gamra aliinamisha kichwa na moyo ukatulia, na Lakhdar, mtaalamu wa udongo, mtu wa shahada na maabara, akataka kujua inakuwaje, unafanya nini hasa, unafikiria nini, naye akamcheka, “Nafikiria vitunguu,” akasema, “nafikiria kama vilivyobaki vitatosha,” na hakumwambia zaidi ya hapo, labda kwa sababu hapakuwa na zaidi... moyo haushuki. Nasira, binti wa Kada, aliyempanda Gamra tangu alfajiri na atakayempanda tena mzunguko wa mwisho, ameketi kwenye tandiko lake chini, anatafuna mkate na tende, uso wote vumbi, anasema, “Ami, kunywa maji basi, hata wewe umetoka jasho,” na anajua hawezi kuinuka kumpokea kamba, wote watatu wanajua, Gamra akiona Nasira karibu anadhani ni safari na moyo unapanda, na Kada ndiye anayemchoma sindano na kumpunguza kwato, kwa hiyo hamtaki kabisa, amebaki Lakhdar, na mwaka mzima Lakhdar ameliona jambo hili na hakumwambia mtu, kwamba Gamra akiachwa peke yake uani baada ya mazoezi moyo unashuka vizuri sana, na yeye akimsogelea na kumgusa unapanda. Si umri. Kada anasema ni umri. Kwa kinyozi mjini Frenda walisema vingine, hawakumwona amekaa nyuma ya pazia akisubiri zamu, walisema yule farasi alikufa siku moja na Zulikha, kilichobaki ni ngozi inayotembea, na mtu akacheka kidogo, si kwa ubaya, na Lakhdar akanyolewa, akalipa, akaenda nyumbani akamwandikisha Gamra kwenye mbio hizi za Sersu... Gamra aliyezaliwa uani kwao siku ya mvua ya mawe, miguu kama ya meza iliyoungwa vibaya, na Kada mwenyewe akasema mpeni muuza makaa, angalau atavuta kitu, na majirani wakamwita Mkokoteni, na mbio zake za kwanza alifika watu wakikunja mahema na kumwaga majani ya chai, lakini Zulikha akaupeleka mkono pale nyuma ya kiwiko, kisha akasema, “Huyu hachoki. Huyu anachelewa tu kuanza,” na mwaka uliofuata kule Laghwat, upepo wa mchanga ukivuma usoni, wale waliopiga shoti tangu mwanzo walikuwa wanarudi kwa miguu wakikokota farasi wao, na Gamra akawapita mmoja mmoja kama anakwenda sokoni, na theluji ya Aflu, na Sersu mara tatu mfululizo, na wanaume wa Ghuba wenye miwani myeusi waliokuja kunywa kahawa na kuuliza bei, na Zulikha akawaletea kahawa nyingine, na nyingine, mpaka wakaaga... Lakhdar anageuka. Ameshageuka. Hakuna kitu, ndoo zote zimesimama wima, alimwomba Kada jana asifudikize ndoo hata moja na Kada akaitikia bila kuuliza kwa nini, na chini ya vidole vyake moyo wa Gamra unaruka, kila anapogeuza shingo kutazama nyuma unaruka, basi usigeuke, anajiambia, hesabu tu, lakini kuhesabu ndiko hasa alikokuwa akikufanya, hivi hivi, goti hili hili chini, mgongo wake kwa Zulikha, amefurahi kama mtoto kwa sababu kwa mara moja katika mbio zote hizo alikuwa na kazi ya maana, na moyo ukashuka chini ya mkono wake, akasema, umeshuka, Zulikha, bila kugeuka, akasubiri asifiwe, akasema tena, umeshuka, na ndipo akageuka, na alikuwa ameegemea nguzo ya turubai, kiatu kimoja mapajani... Moyo, alisema daktari wa hospitali, ulisimama mara moja, hata angekuwa mezani kwetu tusingemuwahi, na Lakhdar akauliza kama aliogopa, kama alisikia maumivu, na daktari akasema hapana, kwa sauti ile wanayowasemea wafiwa, na Lakhdar hakumwamini, mwaka mzima hajamwamini, kwa kuwa daktari hakuwapo, na yeye aliyekuwapo hakuona, alichokiona Zulikha mwishoni ni mgongo wa mumewe, na labda aliita na sauti haikutoka, labda alinyoosha mkono, na yeye akihesabu mapigo ya mnyama... “Farasi wa Aflu wamemtoa,” anasema Kada kwa sauti ya chini, “mguu,” na maji yanaendelea kumwagika, yanatiririka tumboni mwa Gamra na kudondoka kwenye vumbi karibu na goti la Lakhdar, kwenye kivuli, kivuli cha kichwa cha farasi, sikio moja mbele na sikio moja nyuma, linageuka, linamtafuta yeye, linamwendea Kada, linarudi kwake, linasikiliza pumzi yake iliyokatika, na Lakhdar anakitazama kivuli hicho na kuacha kuhesabu. Kwa sababu alikiona. Mwaka jana alikiona, jua lilikuwa upande huu huu, mtu anayehesabu mapigo anainamisha macho, na macho yake yalikuwa hapo chini muda wote, kwenye kivuli cha masikio mawili, yote mawili mbele, yametulia, yameelekea kwenye ile ndoo. Gamra alikuwa akimtazama Zulikha. Polepole, anajiambia, usikimbilie unachokitaka, kijaribu, kama sampuli ya udongo, tafuta panapovunjika... huenda farasi alikuwa amechoka tu, hapana, akichoka hushtuka zaidi, hushtushwa na mfuko wa plastiki. Huenda hakuelewa, hapana, huyu ndiye aliyeng'oa kigingi siku Zulikha alipoungua kwa mafuta jikoni, na Zulikha hakupiga kelele, alivuta pumzi tu, na ua wote ulikuwa kati yao. Mtu akiogopa, mtu akiumia, Gamra hujua kabla ya watu. Na siku ile alikuwa hatua chache tu mbele yake, anamtazama usoni, na moyo wake, moyo ambao Lakhdar aliushika kwa mkono wake mwenyewe na anaukumbuka pigo kwa pigo, ulikuwa unashuka, sawasawa, bila kujikwaa hata mara moja, mpaka mwisho, na kupita mwisho. Alishtuka baadaye. Ndiyo. Alisimama kwa miguu miwili na kumburuta Kada vumbini, Kada ana kovu kwenye kiwiko mpaka leo, lakini hiyo ilikuwa baada ya Lakhdar kugeuka na kupiga ukelele, ulikuwa ni ukelele wake yeye, hofu ilikuwa yake yeye, kabla yake hapakuwa na hofu yoyote chini ya turubai hili, palikuwa na mwanamke aliyevua kiatu akimtazama farasi wake, na farasi akimtazama, na hakuwa peke yake, na mkono wa Lakhdar ulikuwapo na ulilisikia lote lilivyokuwa, mwaka mzima ulijua nao haukuulizwa... Kada ameshika ndoo hewani. “Shemeji, vipi?” “Ngoja,” anasema Lakhdar, na sauti yake ni ya kawaida, na kichwa cha Gamra kinashuka, kinashuka zaidi, pumzi yake ya moto na yenye harufu ya shayiri inamgonga shingoni, na kamba imelala tu kiganjani, na Nasira ameacha kutafuna, na maji yanadondoka, na mbali kidogo daktari wa mifugo anakagua farasi wa mtu mwingine, hakuna kilichobadilika chini ya turubai, na nyuma ya mgongo wake kuna ndoo na vumbi na nafasi ile. “Umeshuka,” anasema, na hageuki.

Gamra alimaliza wa nne, mzima. Kesho yake asubuhi Lakhdar aliendesha gari hadi Tiaret kwa mama yake Zulikha, akaketi naye jikoni, akamweleza masikio ya Gamra yalivyokaa siku ile.